Pete ya kaka siiweki kabatini

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: ni pambo gani unalolivaa kila siku likakukumbusha kwamba utakufa, na je, limebadili namna unavyoishi? Langu ni pete ya fedha yenye kijiwe cha tanzanaiti, kidogo kama punje ya mtama. Kilikuwa cha kaka yangu, mwana-apolo, yaani mchimbaji mdogo, wa machimbo ya Mererani, aliyefariki kwa maradhi ya kifua.

Fundi wa hapa Moshi aliyenitengenezea alinisihi niivae harusini tu. Hoja yake ina msingi. Ugumu wa vito hupimwa kwa kipimo cha Mohs, na almasi ndiyo 10. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Mchanga wa kawaida una madini ya kwatzi, ambayo ni 7, kwa hiyo hata vumbi la stendi, ukilifuta kwa kitambaa kikavu, linaweza kulichubua jiwe. Mimi naivaa nikifua, nikipika, nikigombania daladala. Ukiisogeza dirishani utaona kingo zimeanza kuwa butu, na pembeni pamemeguka pale nilipoigonga kwenye bomba. Ukiigeuza, bluu inageuka zambarau vilevile. Fundi ameomba aisugue upya, nimekataa. Nimemruhusu akaze tu vile vikucha vinavyolishika jiwe.

Wazungu wa karne ya 17 walivaa pete zenye mafuvu ya kichwa kwa kusudi hilohilo la kukumbuka kifo. Malkia Victoria wa Uingereza, alipofiwa na mumewe Albert mwaka 1861, alivaa nyeusi hadi alipokufa mwaka 1901, na enzi hizo watu walihifadhi nywele za marehemu ndani ya vidani. Nywele nazielewa kabisa. Fuvu, kwangu, linatisha tu, na mtu aliyetishwa hujifungia ndani. Ninachohitaji ni kitu kinachochakaa mkononi mwangu, nikione kinapungua huku nami napungua.

Shangazi anasema kuvaa kitu cha marehemu na kuzungumzia kifo kila mara ni uchuro. Namheshimu sana, lakini hapa sikubaliani naye. Sisi Wachaga tunazika kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba. Ukitoka kukata majani ya ng'ombe unapita kaburi la babu, la bibi, na sasa la kaka, kisha unaingia jikoni kuinjika ndizi. Desemba watu wakipanda kutoka Dar, watoto wanacheza palepale. Anayeishi hivyo hawezi kusema kifo ni habari ya kunong'onezana.

Kaka alikuwa na neno lake: "Nikipata jiwe." Akipata jiwe atamjengea mama jiko la matofali. Akipata jiwe atampeleka Tanga akaione bahari, maana mama alizaliwa mlimani na hakuwahi kushuka hadi pwani. Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, na mpaka leo duniani kote inachimbwa Mererani tu, kwenye ukanda wa kilomita chache. Ndani ya ukanda huo maelfu ya vijana wamesema neno hilohilo, na wengi wamezikwa kabla ya kulipata. Mwaka 1998 mafuriko yaliingia mashimoni yakaua wachimbaji wengi kwa mkupuo. Kila nikiitazama pete nasikia "nikipata jiwe", na najiuliza mimi nami nasubiri nini.

Basi nikakopa vikoba, nikamchukua mama, tukapanda basi la Tanga. Alivua kandambili, akapandisha khanga magotini, akaingia majini taratibu. Akachovya kidole, akaonja, akatema. Akaniambia, "Kumbe ni kweli yana chumvi." Akaonja tena.

Ahadi za kaka zilizobaki ni mbili: lile jiko, na mwanawe kusomea ufundi umeme. Matofali yameshashushwa uani. Ada ya awamu ya kwanza nimelipa.

Msomaji wenu, Moshi