Pima EGR Kabla ya Kununua Vali Mpya

Gari la dizeli likianza kutoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu baada ya Salgaa, pale barabara ya kutoka Nakuru inapokwea Sachangwan kuelekea Mau Summit, jibu la mafundi wengi ni moja kati ya mawili: nunua vali mpya ya EGR (mfumo unaorudisha moshi kwenye injini), au tuizibe kwa kipande cha bati. Majibu hayo hutolewa kabla ya chochote kupimwa. Gari langu ni la dizeli, liliingia nchini likiwa limeshatumika Japani, na kazi hii nimeifanya nyumbani kwa spana za kawaida, kwa hivyo ninaandika kuhusu yale ambayo mwenye gari anaweza kuyakagua mwenyewe.

Kazi ya EGR ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili joto la mwako lipungue, kwa sababu joto hilo likipita takriban nyuzi 1,400 za Selsiasi, oksidi za nitrojeni, gesi zinazochafua hewa, huzalishwa kwa wingi. Vali ikikwama wazi, moshi huchukua nafasi ya hewa safi, na hapo ndipo gari la dizeli hufuka na kulegea mlimani, huku la petroli likitetemeka au kuzimika linapongurumia papo hapo, yaani limesimama bila kukanyagwa mafuta. Ikikwama ikiwa imefungwa, dalili huwa hafifu zaidi: taa ya injini huwaka, na injini ya petroli huweza kugonga inapobeba mzigo.

Anza kwa kusoma nambari ya hitilafu kwa skana ndogo ya Bluetooth inayounganishwa na simu. P0401 humaanisha kwamba moshi unaorudi ni mchache kuliko kompyuta ya injini ilivyotarajia, P0402 kwamba umezidi, na P0403 kwamba kuna kasoro katika nyaya au umeme wa vali. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kwamba vali imekufa. Katika magari mengi ya dizeli, kompyuta haiuoni moshi wenyewe. Hukadiria kwa kuangalia jinsi hewa safi inavyopungua kwenye kihisi cha hewa vali inapofunguka. Kihisi hicho kikiwa kimeshika vumbi, au mpira mkubwa wa turbo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) ukiwa na ufa, kompyuta hukosea hesabu na lawama huangukia EGR. Ndiyo maana mimi hutazama kichujio cha hewa, kihisi na mipira kabla ya kugusa bolti yoyote.

Kama vali yako huvutwa kwa vakyumu, yaani kwa nguvu ya kufyonza hewa, fuata vile vipira vyembamba kutoka mwisho hadi mwisho, kwani joto la injini huvikausha na kuvipasua hasa kwenye ncha. Kisha nunua bomba kubwa la sindano, la mililita 50 au 60, katika duka la dawa, lisilo na sindano yenyewe. Liunganishe na vali kwa kipira chembamba, vuta, na utazame kijiti kilicho chini ya kiwambo, yaani utando ulio ndani ya kichwa cha vali. Kikipanda na kubaki juu, kiwambo ni kizima. Kikipanda na kushuka polepole huku ukiwa bado umevuta, kiwambo kimetoboka. Katika injini ya petroli inayonguruma papo hapo, kuifungua vali kwa namna hii kunapaswa kuisumbua injini au kuizima kabisa. Kijiti kikisogea na injini isijali, njia za moshi zimeziba, na vali mpya haitakusaidia kitu.

Kusafisha ndiko kazi yenyewe. Subiri injini ipoe, ondoa waya hasi wa betri, na upige picha za kila kiungo kwa simu kabla ya kukifungua. Masizi ya dizeli huchanganyika na mvuke wa oili na kuwa kama lami mbichi, kwa hivyo nyunyizia dawa ya kusafishia kabureta, yaache yalainike, kisha yakwangue kwa kijiti cha mbao na mswaki mkuukuu. Dawa hiyo huwaka moto upesi: fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara, ukiwa na glavu. Isiingie kwenye mota ya vali ya umeme, wala usiisukume vali ya aina hiyo kwa bisibisi, kwa maana meno yake ya ndani huvunjika. Ziba tundu la injini kwa kitambaa ili mabonge yasitumbukie, na ukumbuke kukitoa. Gasketi iwe mpya. Ya zamani ikivuja, utarudi pale pale.

Kuhusu kuziba kwa bati, sikubaliani nako. Moshi mweusi huweza kupungua, ni kweli, lakini mwako huwa na joto zaidi, hewa huchafuka, na katika magari ya kisasa taa huwaka tena na kompyuta huweza kuibana nguvu ya injini.

Ukimaliza, futa nambari na ulipandishe gari mlima uleule uliokusumbua. Baadhi ya vali za umeme huhitaji kufunzwa upya kwa skana pale zinapofungia, kwa hivyo usishangae taa ikirudi mara ya kwanza. Masizi yakijaa tena upesi, chunguza nozeli zinazonyunyizia mafuta na oili inayovuja kwenye turbo. Na ikiwa maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovujia, huku moshi ukitoka mweupe, kipoza-moshi cha EGR huenda kimepasuka: hilo si la kufanyia nyumbani, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupimia presha ya rejeta.