Virusi vile vile, mmoja chafya tu, mwingine ICU: jeni zinahusika?

Mkuu, umeuliza kwa nini wewe na kaka yako mlishikwa na virusi vile vile, wewe ukaishia kukohoa tu, yeye akawekewa oksijeni, na kama kuna haja ya kupima DNA. Nimekuwa nesi wa wagonjwa mahututi, korona ikanikuta humo humo, kwa hiyo nina la kusema.

Jeni zinahusika, ila usitafute jeni ya "kifua dhaifu". Kesi nyingi zinazoeleweka vizuri zinarudi kwenye interferoni, protini ya kupiga king'ora mwilini. Seli ikivamiwa na kirusi huitoa ili kuzishtua seli jirani, nazo zinajifunga kabla hakijazifikia. Ikichelewa, kirusi kinazaliana kwa raha zake, na kinga inapoamka mapafu yameshaumia.

Mwaka 2015 iliripotiwa habari ya mtoto wa kike wa Ufaransa, miaka miwili na nusu, ambaye influenza nusura imuue. Nakala zake zote mbili za jeni IRF7, inayoamrisha interferoni itengenezwe, ya baba na ya mama, zilikuwa na hitilafu. Wazazi wenyewe wazima, maana kila mmoja alibaki na nakala moja nzuri. Kwa urithi wa aina hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata hitilafu mbili, na ndugu yake wa tumbo moja asipate hata moja.

Kuna na hitilafu ya TLR7, jeni inayosaidia seli kukitambua kirusi na kuitoa interferoni, iliyoonekana mwaka 2020 kwa vijana wanne wa familia mbili Uholanzi, wote mahututi kwa korona. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu (kifurushi cha jeni) ya X, na mwanaume anayo X moja tu, ya mama yake, hana akiba. Daktari mmoja tuliyefanya naye kazi, akiletewa kijana asiye na kisukari wala presha, alikuwa anauliza: "Upande wa mama, kuna mjomba aliyekufa mapema kwa kifua?" Ndugu walikuwa wanamshangaa. Lilikuwa swali zuri kuliko vipimo vingi.

Tofauti zilizoenea kwa watu wengi ni habari nyingine. Ile ya kromosomu ya 3, inayoongeza hatari ya kuzidiwa na korona, tuliyoachiwa na Neanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, wanayo karibu nusu ya watu wa Asia Kusini, na wengi wao hawakulazwa. Umri unaipita mbali. Tena angalau asilimia 10 ya waliozidiwa na korona walikutwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni yao wenyewe, hasa wazee. Hizo kipimo cha DNA hakizioni.

Kwa hiyo vile vipimo vya kuagiza mtandaoni achana navyo, hitilafu adimu kwa kawaida havizisomi. Lakini kama kaka yako ni kijana, havuti sigara, hana pumu, na nimonia imemrudia au kuna ndugu yenu aliyekutwa na mambo kama hayo, mwombe daktari awaelekeze kwa mtaalamu wa kinga. Chanjo ya influenza asiikose kila mwaka. Yule mtoto wa Ufaransa, pamoja na jeni zake zile, alikua akiishi kama wenzake, na kinga aliyokuwa akipewa ni chanjo hiyo tu.