Mvikingi, Wavikingi au "Vikingi"?

SWALI: Ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Katika madaftari ya wanafunzi ninakuta "Vikingi vilivamia Uingereza", na mmoja wao ameandika "Kikingi" kwa umoja. Lipi ni sahihi? Tena, je, yafaa kuwaita hivyo watu wote wa Skandinavia ya zama zile?

JIBU: Wanafunzi wako wameongozwa na sikio la Kiswahili, kwa hiyo kosa lao lina mantiki. Neno geni likianza kwa silabi inayofanana na kiambishi cha ngeli, aghalabu huvutwa likaingizwa katika ngeli hiyo: ki- ya "kitabu" ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, lakini sisi tunasema "vitabu" bila wasiwasi, na vivyo hivyo "kilabu" imetupatia "vilabu". Hata hivyo, jina la kundi la watu hufuata njia nyingine. Hapa vi- ni sehemu ya shina, basi huandikwa Mvikingi na Wavikingi, na merikebu zao ni za Kivikingi. Umbo "Waviking" nalo hutumika, ila mimi napendelea lenye irabu mwishoni kwa kuwa linatamkika kwa wepesi zaidi. Hata mtu akishikilia "Vikingi", kitenzi hakiwezi kuwa "vilivamia", kwa maana husemwa "viongozi walivamia" na "vijana walikwenda".

Swali lako la pili ndilo zito, na nafurahi umeliuliza. Katika Kinorsi cha Kale, yaani lugha ya Waskandinavia wa zama hizo, *víkingr* alikuwa mtu anayetoka kwa merikebu kwenda kuvamia na kupora, na *víking* ilikuwa safari yenyewe. Hilo lilikuwa jina la shughuli, si la kabila. Masimulizi ya Aisilandi kuhusu visiwa vya Orkney yanamtaja Svein Asleifarson, bwana wa karne ya 12, ambaye kila mwaka alisimamia kwanza upandaji wa mbegu shambani kwake, akaenda kuvamia Ireland na visiwa vya Hebrides, akarudi kuvuna, kisha akatoka tena hadi majira ya baridi yaanze. Mtu huyohuyo alikuwa mkulima kwa majira na Mvikingi kwa majira, na wengi wa majirani zake hawakuwahi kupora mtu. Wageni waliokutana na watu wa Kaskazini nao waliwaita kwa majina mbalimbali: Wafranki, waliotawala eneo la Ufaransa ya leo, waliwaita "watu wa Kaskazini", na Ahmad ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad aliyewaona kwenye mto Volga mwaka 922, aliwaita Rus.

Kwa hiyo "Wavikingi walivamia monasteri ya Lindisfarne mwaka 793" ni sentensi sahihi kwa lugha na kwa historia pia. Lakini waliohamia Aisilandi na familia na mifugo yao, wakaanzisha baraza la Althingi mnamo mwaka 930, waitwe Waskandinavia wa kale. Vilevile, ukitaja lugha yao, andika Kinorsi cha Kale wala si "Kivikingi", kwa sababu lugha hiyo ilikuwa pia ya wakulima, ya watunzi wa mashairi na ya wanawake waliobaki wakiendesha mashamba wakati merikebu ziko safarini.