Mahindi yamekauka, nami nasomewa Yeremia 29:11

Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima huku Kongwa. Mvua ilikatika Februari mahindi yakitoa mbelewele, yote yamekauka. Mume wangu ana kidonda mguuni, mwezi wa pili sasa hakifungi. Nadaiwa 300,000 kwenye kikoba. Mtumishi mmoja ameniambia nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya 100,000 ili mlango ufunguke, na wapendwa kanisani wanasema imani yangu haba. Kila anayekuja kunipa pole ananisomea Yeremia 29:11. Kumtumaini Mungu ni kufanya nini hasa?
Mama mkulima, Kongwa

Amina, mama, na pole sana. Tuanze na huo mstari, maana husomwa ukiwa umekatwa kichwa na miguu. Ni barua. Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli. Sura inayotangulia, nabii Hanania alikuwa ameahidi huko Yerusalemu kwamba miaka miwili tu mambo yatarudi kama zamani. Watu walipenda kusikia hivyo, na ilikuwa uongo. Yeremia akawaandikia wale mateka kwamba ni miaka 70 (29:10). Kwa hiyo wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule walikopelekwa (29:5-7). Ndipo inakuja ahadi ya amani na tumaini (29:11). Tena Biblia ya Union inasema "mawazo ninayowawazia ninyi". Ninyi, watu wengi. Mungu alikuwa akilishika taifa zima, pamoja na wazee ambao wangezikwa Babeli kabla ya siku ya kurudi. Anayekusomea mstari wa 11 mwambie akusomee kuanzia wa 4. Utaona kwamba waliotumaini walikuwa na jembe mkononi.

Kuhusu imani haba: rafiki zake Ayubu walimwambia maneno ya namna hiyo sura baada ya sura, na mwisho Mungu akawakasirikia wao (42:7). Kulia mbele za Mungu kunaruhusiwa. Chukua Zaburi 13, ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, "hata lini" imerudiwa mara nne. Miwili ya kati ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini. Omba kwa mpangilio huo huo jioni, ukitaja mambo yako kwa majina: shamba, kidonda, deni. Wengi huruka moja kwa moja kwenye mistari miwili ya mwisho kwa kuogopa kunung'unika, halafu uchungu unabaki umefungiwa ndani na maombi yanakuwa mazito kama mzigo wa kuni. Siku ukishindwa kufika mstari wa 5, soma Zaburi 88. Hiyo inaishia gizani, na bado ni neno la Mungu.

Kidonda kisisubiri mkesha. Mfalme Hezekia alipougua, aliomba akaongezewa miaka 15, na nabii Isaya, yule yule aliyemletea jibu, akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38). Maombi na dawa kwa mgonjwa mmoja. Mpeleke mzee kituo cha afya wiki hii, na uombe apimwe sukari, kwa sababu kidonda cha mguu kisichofunga mara nyingi ndipo kisukari hujulikana. Asiweke majivu wala unga wa dawa asiyoijua.

Sasa deni. Soma 2 Wafalme 4:1-7. Mjane alidaiwa hadi wanawe wawili walitaka kuchukuliwa. Nabii Elisha alimuuliza ana nini nyumbani, na baada ya muujiza akamwagiza auze mafuta, alipe deni, wale kinachobaki. Hakuchukua chochote. Watakutajia mjane wa Sarepta aliyemlisha nabii Eliya (1 Wafalme 17). Yule aliombwa mkate mdogo kutoka unga uliokuwa ndani mwake, hakutumwa kukopa. Mama, hiyo 100,000 usiitoe. Hata fungu la kumi lilihesabiwa kutoka mavuno (Kumbukumbu 14:22), nawe hukuvuna. Atakayekutisha kwa laana kwa sababu hiyo, usimfuate tena.

Nenda kwa mwenyekiti na mweka hazina wa kikoba kabla ya siku ya kikao, usingoje uitwe. Sema kiasi unachoweza: kama marejesho ni 50,000, omba ulipe 20,000 hadi mavuno yajayo, na waiandike kwenye daftari. Uliza pia mfuko wa jamii wa kikoba unasema nini kuhusu ugonjwa wa mwenza. Kinachowazamisha wengi ni kukopa kikoba cha pili ili kulipa cha kwanza. Riba mbili, mfuko mmoja.

Nyumbani una nini? Mabua, kwanza. Yakate uwauzie wafugaji kabla mchwa hawajayamaliza. Majani ya kunde na mlenda, kausha kivulini uweke. Na msimu ujao usilime mahindi matupu. Walau nusu ya shamba iwe mtama au uwele. Babu zetu wa Ugogo walijua kwa nini, na kubadilisha mbegu si kumkosea Mungu imani.

Nimemaliza chuo miaka mitatu, sina ajira. Nikimwomba mtu aniunganishe, je, namkosea Mungu aliyeniandalia mpango?
Kijana, Dodoma mjini

Humkosei. Yusufu, akiwa gerezani, alimwomba mnyweshaji amtaje kwa Farao (Mwanzo 40:14). Alisahauliwa miaka miwili mizima, lakini Biblia haimlaumu kwa kuomba, na ni mnyweshaji huyo huyo aliyekuja kumtaja. Hesabu pia muda: aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Miaka hiyo 13 alisimamia nyumba ya Potifa, kisha gereza, na kazi ya kusimamia ndiyo aliyoitiwa baadaye. Omba kuunganishwa, ila usitoe rushwa. Wakati unangoja, shika kazi yoyote halali yenye hesabu na wajibu, iwe ghala la zabibu, duka au vitabu vya mapato vya usharika. Atakayekuajiri atauliza miaka hii mitatu ulikuwa unafanya nini.