Kabla Hujampa Kiumbe Wako Macho

Wengi wanaoanza kutunga hadithi za kisayansi humuumba kiumbe wa sayari nyingine kwa kuanzia na umbo lake: idadi ya miguu, rangi ya ngozi, mahali yalipo macho. Baada ya miaka mingi ya kutunga hadithi za aina hii na kuhariri miswada ya wenzangu, ushauri wangu kwako unayeingia katika kazi hii ni kwamba uanzie kwingine. Jiulize kwanza kiumbe wako anapata wapi nguvu ya kuishi, kwa sababu jibu la swali hilo, likifuatwa kwa uaminifu, huzaa umbo na tabia, na mara nyingi huzaa kisa chenyewe.

Chukua mfano wa Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii (Jupita) uliogunduliwa na Galileo mwaka 1610. Upo ushahidi mzuri kwamba chini ya ganda lake la barafu kuna bahari ya maji ya chumvi, ambayo kina chake kinakadiriwa kufikia kilomita 100 hivi. Mwandishi mwenye haraka atasema kwamba maji ya kina hicho yangemponda kiumbe yeyote. Akipiga hesabu ataona kwamba mvutano wa Europa ni kama asilimia 13 tu ya ule wa Dunia, hivyo mgandamizo kwenye sakafu ya bahari ile hauzidi sana ule wa Mfereji wa Mariana, sehemu yenye kina kikubwa kuliko zote katika bahari za Dunia, ambako wanyama wadogo wa jamii ya kamba wanaishi hadi leo.

Sasa tazama chakula. Mwaka 1977 watafiti walikuta chemchemi za maji ya moto kwenye sakafu ya Bahari ya Pasifiki, karibu na Visiwa vya Galápagos, na pembeni yake minyoo wakubwa wasio na mdomo wala utumbo, ambao baadaye ilibainika kuwa hulishwa na bakteria waishio ndani ya miili yao. Waandishi wengi huwahamishia minyoo hao Europa, wakawaongezea akili, kazi ikaishia hapo. Lakini bakteria hao huhitaji oksijeni ili wapate nguvu kutoka kwenye hidrojeni salfaidi, kemikali inayofoka chini, na oksijeni ya bahari zetu imetokana na mimea na mwani vinavyotumia mwanga wa jua, ambao haufiki chini ya barafu ile. Huko Europa, mionzi mikali inayouzunguka Mshtarii huvunja molekuli za barafu kwenye uso wa juu na kuacha oksijeni, ambayo huenda hushuka baharini polepole. Kwa hiyo chakula kinatoka chini, pumzi inatoka juu, na katikati kuna kilomita nyingi za giza. Kiumbe wako amekuwa msafiri kabla hujamchorea hata pezi moja: anahitaji kiungo cha kuhifadhia oksijeni, kumbukumbu ya njia, usikivu mkali kuliko macho, na pengine desturi ya kumngojea ambaye hajarudi.

Akili nayo ina gharama. Ubongo wa binadamu ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake mwili ukiwa umepumzika. Katika bahari yenye chakula haba, eleza gharama hiyo inalipwaje. Mimi ningemfanya kiumbe huyo awaze polepole na aishi karne kadhaa. Usimpe kisu cha chuma pia, maana majini hakuna moto wa kuyeyushia madini.

Linabaki swali la kiasi gani cha haya kiingie katika hadithi, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Andika yote katika daftari lako, kisha katika hadithi uweke yale tu ambayo mhusika anakutana nayo. Ukiandika aya nzima kuhusu protini yenye shaba inayobeba oksijeni kwa kiwango fulani, msomaji wa kawaida atairuka na mkemia ataipekua akitafuta kosa. Andika badala yake: "Mzee aligonga barafu mara tatu, akasikiliza, kisha akamwashiria mjukuu wake ajaze pumzi hapo, kwani ufa ulikuwa mpya." Pale ambapo sayansi yenyewe haina jibu, unaruhusiwa kunyamaza, isipokuwa kama kisa chako kinategemea jambo hilo. Likitegemewa, msomaji ana haki ya kulielewa mapema, kabla halijamwokoa mhusika.

Muswada ukikamilika, mpe mtu aliyesoma biolojia au fizikia. Usimwulize kama kiumbe huyo anawezekana, kwa kuwa jibu la ndiyo au hapana halitakusaidia kuandika. Mwulize: ikiwa haya ni kweli, ni nini kingine kingelazimika kuwapo katika bahari ile ambacho mimi sijakiandika?