Maswali na Majibu: Faili la hosts, Mahali Lilipo na Namna ya Kulihariri kwa Usalama

Faili la hosts ni kitu gani hasa, na kwa nini bado lipo wakati tunafundishwa kwamba kazi ya kutafuta anwani hufanywa na DNS? (Mwanafunzi wa chuo, Morogoro)

Kompyuta hupelekeana data kwa anwani za namba, ilhali sisi wanadamu hukumbuka majina. Lazima basi kuwe na mahali ambapo jina hugeuzwa kuwa namba, na faili la hosts ndilo mahali pa zamani kuliko pote. Ni faili la maandishi matupu ambalo kila mstari wake una namba ya IP, yaani hiyo anwani ya namba, kisha nafasi, kisha jina. Kwa kawaida kompyuta hulisoma kabla haijaiuliza seva yoyote ya DNS (mfumo wa mtandao wa kugeuza majina kuwa namba), na ikilikuta jina humo huamini ilichokisoma bila kuthibitisha kokote. Ukilielewa hilo, utaelewa faida na hatari zake zote.

Asili yake ni ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Orodha ya kompyuta zote za mtandao huo ilikuwa katika faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, likitunzwa na kituo cha habari cha mtandao katika Stanford Research Institute, Menlo Park, California, kituo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Aliyetaka kuongeza kompyuta aliwasiliana na kituo, na wengine wote walipakua nakala mpya. Mtandao ulipokua, utaratibu huo ulielemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa maelezo ya kwanza ya DNS, ambamo orodha imegawanywa kwa seva nyingi na kila mmoja hutunza sehemu yake. Faili la hosts lilibaki kwa sababu kompyuta inahitaji kujitambua yenyewe hata pasipo mtandao, na kwa sababu mwenye kompyuta anahitaji mahali pa kutoa uamuzi unaohusu mashine yake peke yake.

Ninatumia Windows 11. Nikijaribu kuhifadhi mabadiliko naambiwa sina ruhusa, na safari moja lilipokubali kuhifadhi, hakuna kilichobadilika. Nakosea wapi? (Msomaji wa Mombasa)

Hayo ni makosa mawili tofauti, na karibu kila anayeanza hukutana nayo yote mawili.

Faili lenyewe liko hapa:

C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts

Windows hairuhusu programu ya kawaida kuandika katika folda hiyo, na ni vyema iwe hivyo, kwa sababu kama ingeruhusu, programu yoyote uliyoipakua ingeweza kuyaelekeza majina yako inakotaka. Kwa hiyo, badala ya kubofya faili mara mbili, tafuta Notepad katika menyu ya Start, bofya kwa kitufe cha kulia, kisha chagua kuiendesha kama msimamizi, yaani mstari wa Run as administrator. Ukiwa ndani ya Notepad iliyofunguliwa namna hiyo, fungua faili kwa kufuata njia niliyoiandika hapo juu. Huenda folda ikaonekana tupu. Sababu ni kwamba Notepad huonyesha mafaili yenye kiambishi cha .txt (herufi za mwisho wa jina la faili) pekee, nalo la hosts halina kiambishi chochote. Badilisha kisanduku kilicho karibu na sehemu ya jina la faili ili kionyeshe mafaili yote.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyokupata safari ya pili. Ninaamini ulihifadhi faili jipya ambalo Notepad ililipa jina hosts.txt, na kwa kuwa Windows huficha viambishi, machoni pako lilionekana kuwa ni hosts. Mfumo hausomi hosts.txt. Katika File Explorer, washa uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili, na ukilikuta hilo la pili, lifute.

Kabla ya kugusa herufi moja, nakili faili la asili katika folda yako ya nyaraka na ulipe jina kama hosts-asili. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewahi kukaa na mtu usiku mzima tukitafuta kwa nini programu yake ya kazi haiunganishi, na tatizo lilikuwa mstari mmoja aliokuwa ameufuta miezi mingi kabla, bila nakala wala kumbukumbu ya ulivyokuwa. Vilevile, usifute mstari usioutaka. Weka alama ya # mwanzoni mwake, nao utachukuliwa kuwa maelezo tu. Baada ya # nyingine mwishoni mwa mstari unaouongeza, andika tarehe na sababu.

Anayependelea dirisha lenye vitufe anaweza kutumia PowerToys, mkusanyiko wa zana za Microsoft zisizolipiwa, ambao tangu mwaka 2022 una kihariri cha faili hili.

Na sisi wa Mac na Linux? (Msomaji wa Mwanza)

Kwenu faili ni /etc/hosts. Katika Mac folda ya etc kwa hakika iko ndani ya /private, lakini njia fupi hufanya kazi vilevile. Fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, utengeneze nakala kwanza, kisha uhariri:

sudo cp /etc/hosts /etc/hosts.asili
sudo nano /etc/hosts

Utaombwa nenosiri lako, na herufi zake hazitaonekana unapoziandika. Ukimaliza, bonyeza Control na O, kisha Enter, kisha Control na X. Katika Mac usitumie TextEdit kwa kazi hii, kwani huweza kuhifadhi maandishi pamoja na mapambo ambayo mfumo hauyaelewi.

Iacheni mistari mtakayoikuta. Mistari ya 127.0.0.1 na ::1 yenye jina localhost ni njia ya kompyuta kujiita yenyewe. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, huongeza mstari wa 127.0.1.1 wenye jina la kompyuta yako, na ukiufuta, amri ya sudo yenyewe, inayokupa ruhusa ya msimamizi, huenda ikaanza kulalamika kwamba haiwezi kulitambua jina hilo.

Ninahamisha tovuti ya mteja kwenda seva mpya na nilitaka kuikagua kabla ya kubadilisha DNS. Mstari nimeuandika, lakini kivinjari bado kinanipeleka seva ya zamani, na nslookup nayo inaonyesha namba ya zamani. (Mtengenezaji wa tovuti, Nairobi)

Hii ndiyo kazi bora ya faili la hosts: kuiona seva mpya kwa jina lake halisi wakati ulimwengu mwingine wote ungali unaiona ya zamani. Nitaeleza kwa namba na jina vilivyotengwa kwa mifano. Mstari unatakiwa uwe hivi:

203.0.113.25    duka.example    www.duka.example

Namba hutangulia, majina hufuata. Majina hayo mawili ni tofauti machoni pa kompyuta, hivyo ukiandika moja tu, jingine litaendelea kwenda seva ya zamani, na huenda tovuti yako inamhamisha mgeni kutoka moja kwenda jingine bila wewe kutambua. Usiandike https:// wala namba ya mlango (port) wala njia ya ukurasa. Faili hili linajua majina tu. Nyota ya kuwakilisha majina yote ya chini ya kikoa, yaani jina kuu la tovuti, haifanyi kazi humu.

Kuhusu nslookup, usiitegemee katika jambo hili. Programu hiyo huiuliza seva ya DNS moja kwa moja na hailitazami faili la hosts, kwa hiyo jibu lake halithibitishi wala halikanushi mabadiliko yako. Tumia amri ya ping ikifuatwa na jina la tovuti, usome namba inayoonekana katika mstari wa kwanza. Hata kama seva haijibu, namba ndiyo unayoitaka. Katika Linux, amri ya getent hosts ikifuatwa na jina ni bora zaidi.

Ikiwa ping nayo inaonyesha namba ya zamani, futa majibu yaliyohifadhiwa na mfumo. Katika Windows amri ni ipconfig /flushdns. Katika Mac ni sudo dscacheutil -flushcache, ikifuatiwa na sudo killall -HUP mDNSResponder. Katika Ubuntu ni resolvectl flush-caches. Baada ya hapo funga kivinjari chote, si kichupo kimoja, kwa kuwa nacho hutunza majibu na miunganisho yake. Ikiwa ofisi yenu hupitisha mawasiliano kwenye proksi, yaani seva ya kati, huenda anayetafuta anwani ni proksi na si kompyuta yako, na hapo faili lako halitasomwa kabisa.

Usishangae ukionywa kuhusu cheti cha usalama: kama seva mpya bado haina cheti cha jina hilo, kivinjari kina haki ya kulalamika. Siku DNS itakapobadilishwa, uondoe mstari huo siku hiyohiyo. Ukiuacha, mteja atahama tena baada ya mwaka, nawe utabaki unaona seva iliyokufa huku ukimhakikishia kwamba tovuti yake haipo hewani.

Nyongeza kwa wanaojenga tovuti ndani ya kompyuta zao: chagueni majina yanayoishia .test, ambayo yametengwa kwa majaribio. Kikoa cha .dev ni kikoa halisi na vivinjari hukilazimisha kutumia HTTPS, na .local hutumiwa na vifaa vinavyotafutana ndani ya mtandao mmoja.

Ninasimamia chumba cha kompyuta shuleni. Je, naweza kufunga tovuti za kamari kwa faili hili? (Mwalimu, Kisumu)

Mwalimu, unaweza, lakini si kwa ukamilifu. Mstari wenye 0.0.0.0 ukifuatwa na jina la tovuti utaifanya kompyuta isifike huko. Hata hivyo kila jina lazima liandikwe peke yake, kampuni hizo hufungua majina mapya mara kwa mara, na utalazimika kurudia kazi katika kila mashine. Hakikisha pia wanafunzi hawaingii kwa akaunti ya msimamizi, la sivyo mmoja wao atauondoa mstari wako kwa dakika moja.

Ushauri wangu ni kuweka kizuizi katika ruta ya shule, kwa kutumia huduma ya DNS kama OpenDNS inayokuruhusu kuchagua aina za tovuti za kuzuia, kamari ikiwemo. Utaiweka mara moja na chumba kizima kitafuata. Faili la hosts libaki kwa tovuti mbilitatu zilizopenya.

Nimelifungua faili kwa udadisi nikakuta humo jina la benki yangu na namba nisiyoijua. Siku za nyuma mtu aliniwekea programu ya kulipia bila leseni. Je, kuna uhusiano? (Msomaji wa Zanzibar)

Dada yangu, lichukulie jambo hili kwa uzito kamili. Hakuna sababu njema ya jina la benki kuwemo katika faili la hosts la mteja. Maana yake ni kwamba unapoandika anwani sahihi ya benki, kompyuta inakupeleka kwenye seva iliyochaguliwa na mtu mwingine, bila kosa lolote kuonekana katika anwani uliyoiandika.

Kata mtandao wa kompyuta hiyo sasa. Kwa kifaa kingine unachokiamini, badilisha nenosiri la benki na la barua pepe, kisha uipigie benki kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yako. Ndipo urudi kwenye kompyuta, uichunguze kwa antivirusi, na uondoe mstari huo. Mstari ukirudi baada ya kuuondoa, programu iliyouweka ingali hai, na njia salama ni kuusimika upya mfumo mzima.

Kuhusu uhusiano, siwezi kumshtaki mtu nisiyemjua, lakini programu za kuvunja leseni mara nyingi huhitaji ruhusa ya msimamizi na huandika katika faili hili ili programu isiifikie seva ya leseni. Aliyepewa ufunguo wa kuandika mstari mmoja anaweza kuandika na wa pili. Hila hii si ngeni: mwaka 2004 kirusi cha Mydoom.B kiliongeza humo majina ya tovuti za antivirusi na za Microsoft ili mwathirika asiweze kupata msaada.

Unapokagua, teremka hadi mwisho kabisa wa faili, na utazame pia upande wa kulia, kwani mistari mibaya hufichwa nyuma ya nafasi tupu nyingi. Katika Windows ya sasa, faili la asili lina mistari inayoanza na # pekee, hivyo mstari wowote usio na alama hiyo umeongezwa na mtu au programu. Si kila nyongeza ni adui. Docker Desktop, programu ya watengenezaji wa programu, kwa mfano, huongeza yake na kuiandikia maelezo. Usioutambua, uwekee # kwanza, uone nini kitaathirika.

Je, naweza kufanya hivi kwenye simu? (Msomaji wa Bujumbura)

Android inalo faili hilo katika /system/etc/hosts, lakini sehemu hiyo haiandikiki bila kuivunja simu ulinzi wake, jambo ambalo sikushauri, hasa katika simu yenye fedha zako. iPhone nayo haimruhusu mwenyewe kulifikia. Ikiwa lengo ni kuzuia tovuti, Android kuanzia toleo la 9 ina mpangilio wa DNS ya faragha katika sehemu ya mtandao. Ukiandika humo family.cloudflare-dns.com, tovuti za ngono na zile zinazojulikana kusambaza virusi zitazuiwa, uwe kwenye Wi-Fi au kwenye data.