Reli Iliyolala Vichakani: Wasomaji Wanauliza, Mafundi Wanajibu

Safu hii inajibu maswali ya wasomaji kuhusu kufufua njia za treni za abiria na za tramu (treni nyepesi za mitaani) zilizoachwa mijini. Baadhi ya barua tumezifupisha.

SWALI: Njia ya treni iliyofungwa zaidi ya miaka 30 iliyopita bado ina reli zake, ila zimefunikwa na nyasi. Zinaweza kutumika tena, au ni chuma chakavu?

JIBU: Kutu ya juu isikutishe. Reli isiyopitiwa na gurudumu huvaa kutu nyembamba, nayo hung'oka treni zikianza kupita. Yanayoiua reli ni mambo mengine. Kwanza ni kulika kwa kichwa chake, yaani sehemu ya juu inayokanyagwa na gurudumu: ubavuni mwa reli kuna maandishi ya kiwandani yanayotaja aina yake na mwaka ilipotengenezwa, basi pima kimo chake cha sasa na ulinganishe na kipimo cha reli mpya ya aina hiyo. Pili ni nyufa kwenye matundu ya boliti, pale vipande vya reli vilipoungwa. Ufa huanzia ndani ya tundu ambako jicho halifiki, kwa hiyo lazima kipite kifaa cha mawimbi ya sauti. Tatu ni kutu iliyokula kitako cha reli, yaani sehemu yake pana ya chini, hasa kwenye vivuko vya barabara ambako reli ilizikwa na udongo wenye unyevu. Kitako kikishapungua unene, reli hiyo haina tiba.

Hata zikifaulu vipimo vyote, msizijengee matumaini makubwa. Njia nyingi za pembezoni zilitandikwa reli nyepesi, wakati treni ya abiria ya leo kwa kawaida huwekewa reli ya kilo 54 au 60 kwa mita. Kilomita moja ya njia yenye reli za kilo 54 inakula tani 108 za chuma, mataruma (mihimili inayolaliwa na reli) yapatayo 1,670 yakipangwa kila sentimita 60, na kokoto kiasi cha mita za ujazo 2,000 ili kina chini ya taruma kiwe sentimita 25 hadi 30. Vyote hivyo hununuliwa vikaletwa. Kisichonunulika ni ukanda wenyewe wa ardhi, pamoja na tuta lake, makato yake ya vilima na madaraja. Reli kuukuu zipelekwe kwenye njia za kuegeshea mabehewa, ambako mwendo ni wa polepole.

Taruma la mbao ligongwe kwa nyundo. Likitoa mlio wa bupu, au bisibisi ikizama karibu na msumari, limeoza. Kokoto zilizoshiba udongo nazo hazipitishi maji: kila behewa likikanyaga, tope hupandishwa juu na njia hupoteza usawa. Ndiyo maana kazi ya kwanza kabisa ni kuzibua mifereji na kalvati, yaani mapito ya maji chini ya njia. Anayeanza na reli kabla ya mifereji atairudia njia ileile baada ya misimu michache ya mvua.

SWALI: Treni za zamani zilikuwa na mlio wa "taka-taka, taka-taka" kwenye maungio. Nasikia reli mpya huchomelewa zikawa moja. Joto likipanda chuma kinatanukia wapi?

JIBU: Hakitanuki, kinabanwa. Reli ya kilomita moja iliyo huru ingerefuka kama sentimita 34 joto likipanda kwa nyuzi 30. Ikishikwa na mataruma yaliyozama kwenye kokoto, urefu huo hugeuka kuwa nguvu: takriban tani 50 kwa kila reli ya kilo 54. Kokoto zikiwa chache pembeni mwa mataruma, nguvu hiyo hutafuta pa kutokea na njia hupinda ghafla kama nyoka.

Dawa ni kuifunga reli ikiwa katika joto lililochaguliwa. Uingereza hutumia nyuzi 27 za Selsiasi. Kama ni baridi siku ya kazi, reli hulegezwa, ikavutwa kwa jeki maalumu hadi urefu ambao ingekuwa nao kwenye nyuzi hizo, ndipo ikachomelewa kwa termiti (unga unaowaka na kutoa chuma kilichoyeyuka), kukiwa na mwanya wa milimita 25 hivi kati ya ncha mbili. Kosa la kawaida ni fundi kupima joto la hewa badala ya joto la reli. Reli iliyo juani inaweza kuzidi hewa kwa nyuzi 20.

SWALI: Sehemu ya njia yetu sasa ni njia ya waenda kwa miguu, na barabara kuu imejengwa juu yake. Je, ndoto imekufa?

JIBU: Njia ya waenda kwa miguu mara nyingi huokoa reli. Marekani ina sheria ya mwaka 1983 inayoruhusu ukanda ulioachwa utumiwe kwa matembezi na baiskeli huku ukihifadhiwa kisheria uje kurudishiwa reli. Bila mpango kama huo ukanda huvunjika vipande, kila jirani akachukua chake. Tahadhari ni moja: waambieni watumiaji mapema, tena kwa maandishi, kwamba njia hiyo ni ya muda. Mtu aliyepita mahali kwa miaka 20 haoni kuwa amekopeshwa.

Barabara iliyokata njia ni suala la fedha na uhandisi, wala haifungi mlango. Reli ya kutoka Edinburgh kwenda kusini mwa Scotland ilifungwa mwaka 1969 na sehemu yake ya kaskazini, kilomita 48 hivi, ikafunguliwa tena mwaka 2015 ikiwa na stesheni saba mpya. Katikati ya miaka hiyo barabara ya mzunguko wa jiji ilikuwa imejengwa kuvuka ukanda wake, ikabidi reli ipitishwe chini ya barabara hiyo. Karibu na Boston, njia ya Greenbush ilikosa treni za abiria tangu 1959 hadi 2007, na ili ipite katikati ya mji wa Hingham ilichimbiwa handaki fupi.

Kwa vitendo, tengenezeni ramani ya ukanda wote, mita kwa mita, yenye safu nne: nani anamiliki, kwa hati gani, upana uliobaki, na kilichojengwa juu yake. Someni hati za mwanzo kwa makini. Kuna ardhi iliyouzwa moja kwa moja kwa shirika la reli, na kuna iliyotolewa kwa ajili ya kupitisha reli tu, ambayo huenda ikarudi kwa mwenyewe treni zikikoma. Kilomita 20 zilizo huru zenye mita 80 zilizouzwa katikati si njia bado. Jiji la Los Angeles lilikuwa na bahati hapo: mamlaka ya usafiri ilinunua ukanda wa zamani wa kwenda Santa Monica mwaka 1990, na treni nyepesi zikafika huko mwaka 2016. Miaka 26 ni mingi, lakini ardhi ilikuwa inasubiri.

SWALI: Basi kila njia iliyoachwa irudishwe?

JIBU: Hapana. Paris ina reli ya kale inayolizunguka jiji, ambayo abiria waliondolewa mwaka 1934 katika sehemu yake kubwa. Jiji lilipotaka tramu upande wa kusini, iliyofunguliwa mwaka 2006, halikutumia reli hiyo. Liliiweka tramu kwenye barabara pana za jirani, kwa sababu ndiko yaliko maduka, shule na milango ya watu. Reli ya kale hupita kwenye mitaro mirefu, juu ya madaraja na ndani ya mahandaki, na kuifikia kunataka ngazi na lifti. Lakini jiji hilohilo, upande wa magharibi, liligeuza reli ya bonde la Seine kuwa njia ya tramu mwaka 1997, maana hiyo ilipita karibu na ofisi na makazi.

Chukueni ramani, mchore duara la mita 800 kuzunguka kila stesheni mnayoifikiria, mhesabu wakazi na ajira ndani yake. Mwendo huo ni kama dakika kumi kwa mguu. Stesheni ya zamani ikiwa pabaya, isogezwe. Hakuna sheria inayosema treni lazima isimame iliposimama enzi za makaa ya mawe.

SWALI: "Troli" ni nini hasa? Wengine wanasema ni basi.

JIBU: Wote wako sahihi. Marekani "troli" ni tramu, inayokwenda juu ya reli na kuchukua umeme kwenye waya mmoja; umeme hurudi kupitia reli. Kwingineko neno hilo hutajwa kwa basi la umeme lenye matairi, ambalo huhitaji nyaya mbili na fimbo mbili kwa kuwa halina reli ya kurudishia umeme. Hapa tunaongelea ya kwanza.

SWALI: Reli za tramu bado ziko chini ya lami ya barabara yetu. Tukikwangua lami, tramu inaweza kurudi?

JIBU: Mara chache. Philadelphia ilisimamisha tramu za Girard Avenue mwaka 1992 na kuzirudisha mwaka 2005, lakini pale miundombinu haikuwa imeng'olewa. New Orleans ilirudisha tramu za Canal Street mwaka 2004 baada ya miaka 40, ikajenga reli mpya. Kilichoisaidia ni ukanda wa katikati ya barabara uliobaki wazi. Kama mnavyoona, ni ukanda tena.

Mkifukua, pimeni geji, yaani umbali kati ya reli mbili, kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Geji ya kawaida duniani ni milimita 1,435, lakini tramu za jiji la Philadelphia zina 1,581 na za Toronto 1,495. Geji ya pekee maana yake huwezi kuazima wala kununua tramu iliyokwisha tumika mahali pengine bila kuibadilisha magurudumu na fremu zake.

Halafu kuna mabomba. Tramu haiwezi kukwepa shimo kama basi, kwa hiyo bomba la maji likipasuka chini ya reli huduma nzima inasimama. Mabomba na nyaya za zamani huhamishwa kwanza, na hapo ndipo bajeti nyingi huangukia, kwa kuwa ramani za chini ya ardhi huwa za uongo. Edinburgh, iliyoondoa tramu zake mwaka 1956, ilifungua njia mpya mwaka 2014 kwa pauni milioni 776, ikiwa imechelewa na ni fupi kuliko ilivyopangwa. Kuhamisha mabomba kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoisumbua. Chimbeni mashimo ya majaribio kwa mkono katika kila makutano kabla ya kusaini mkataba wowote wa bei.

Jambo la mwisho halionekani: umeme unaotoroka. Ukiacha reli na kupitia ardhini, hudandia mabomba ya chuma, na pale unapotoka kwenye bomba hulila. Ampea moja ya mkondo mnyoofu (DC) ikivuja mwaka mzima huondoa kilo tisa hivi za chuma. Reli za barabarani ziviringishwe mpira wa kuhami kabla ya zege kumwagwa, na vipande vyake viungwe kwa nyaya nene ili umeme usitafute njia ya mkato.

SWALI: Tramu yaweza kutoka barabarani ikaingia kwenye reli ya treni kubwa?

JIBU: Ndiyo. Karlsruhe, Ujerumani, ilianza mwaka 1992 kwa njia ya kwenda Bretten: volti 750 za mkondo mnyoofu mjini, volti 15,000 za mkondo geu (AC) kwenye reli kuu, tramu ileile. Umeme, kwa kweli, ndio mtihani mwepesi. Gurudumu la tramu ni jembamba na ukingo wake ni mfupi ili uenee kwenye mfereji wa reli ya barabarani. Likifika kwenye swichi pana za reli kuu, pale njia zinapogawanyika, linaweza kukosa mwongozo na kuacha njia. Hutengenezwa umbo la kati, na baadhi ya swichi hubadilishwa. Sakafu ya tramu za sakafu ya chini iko kama sentimita 35 kutoka juu ya reli, ilhali majukwaa mengi ya Ulaya yana 55 au 76. Amueni kimo cha jukwaa kabla ya kuagiza tramu, maana zege na sakafu vikishapishana abiria wa kiti cha magurudumu ndiye anayebaki nje.

SWALI: Tunaambiwa njia moja, inayotumiwa kwenda na kurudi, inatosha kuanzia. Ni kweli?

JIBU: Inategemea ratiba, na ratiba ichorwe kabla ya njia. Treni zikitoka kila mwisho kila baada ya dakika 30, zinazopishana hukutana kila dakika 15. Kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, panahitajika mahali pa kupishana kila kilomita 15. Ratiba ikiwa ya dakika 20, kila kilomita 10. Wengi huweka njia ya kupishania kwenye stesheni iliyokuwa nayo zamani, kisha hushangaa treni kusubiriana. Na njia hiyo ya kupishania ikiwa na urefu wa treni tu, kuchelewa kwa dakika tatu huhamia kwa treni ya pili, nayo huipa ya tatu. Njia ya kupishania ya kilomita tatu au nne huziacha zipishane zikitembea. Madaraja mapya yajengwe kwa upana wa njia mbili tangu mwanzo.

SWALI: Watu wamezoea kupita kwenye reli iliyokufa. Tuwaandae vipi?

JIBU: Treni iliyo kwenye kilomita 100 kwa saa, ikifunga breki za kawaida, huhitaji zaidi ya nusu kilomita kusimama. Tramu iliyo kwenye 50, ikitumia breki za sumaku za dharura, husimama ndani ya mita 40 hivi. Kwa hiyo njia ya treni huzungushiwa uzio na ya tramu si lazima.

Angalieni pia vivuko vyenye vizuizi vinavyojifunga. Mfumo wa zamani hugundua treni kwa umeme unaopita kutoka reli moja hadi nyingine kupitia magurudumu, na kutu juu ya reli isiyotumika huuzuia. Treni inaweza kupita bila kizuizi kushuka. Wekeni vifaa vinavyohesabu ekseli, yaani mihimili ya magurudumu. Tangazeni siku ambayo njia inahesabiwa kuwa hai, na siku hiyo iwe kabla ya treni ya kwanza ya kazi, ile inayokuja usiku, taratibu, ikiwa imebeba kokoto.